Kupatanisha pistoni na bloku ya toyo: nunua pistoni kwanza, ndo upeleke bloku kuchongwa

Maswali ni yaleyale, toka Tunduma mpaka Mafinga: "fundi nimechonga bloku saizi 50 nimefunga pistoni ya 50 mbona inagonga", "nimefunga kila kitu kipya mbona bado moshi", "pikipiki imekaza nikiwa napanda mlima, ikapoa, ikawaka tena, shida nini?" Karibu yote yanatokana na kitu kimoja: bloku (kile kipande chenye silinda, tundu ambamo pistoni inapanda na kushuka) ilichongwa kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi la pistoni, sio kwa kufuata pistoni yenyewe. Kwahiyo naandika hapa hatua zote ili mtu akiuliza tena nimwelekeze tu asome.

Nitatumia mfano wa injini za pikipiki (toyo) za mtindo wa CG125 maana ndo zimejaa huku kwetu. Silinda yake ikiwa mpya ni milimita 56.5. Ile CG150 ni 62. Kama una mashine nyingine hatua ni zilezile, namba utazitafuta kwenye kitabu chake.

Andaa hivi kabla hujafungua hata nati moja:

- Maikromita ya milimita 50 mpaka 75. Vania pekee haitoshi, hapa tunatafuta sehemu za mia za milimita na vania za bei rahisi zinadanganya.
- Fila geji (karatasi nyembamba za chuma za kupimia nafasi) yenye karatasi kuanzia 0.04 au 0.05 kwenda juu.
- Geji ya kupimia ndani ya silinda kama unaweza kuazima. Kama huna usijali, kuna njia ya ringi nitaieleza.
- Seti ya pistoni: pistoni, ringi, pini na klipu zake mbili MPYA.
- Gasketi ya chini ya bloku na ya hedi, mpya.
- Waya wa risasi ule laini wa kuchomelea redio.
- Sabuni ya unga, brashi, maji ya moto, kitambaa cheupe, oili safi.
- Spana zako za kawaida, na toki spana ukiipata.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli tatizo ni silinda

Watu wanachonga bloku nzima kumbe ni valvu. Toa plagi, pima kompresheni, halafu weka kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa isambae, halafu pima kompresheni tena. Kama imepanda, ringi na silinda zimechoka. Kama imebaki palepale, angalia valvu na gasketi ya hedi kwanza.

Kwa wenye geji ya kompresheni: namba za kwenye kitabu mara nyingi ni za usawa wa bahari. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, kwahiyo geji itasoma chini karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar, na ukienda Kitulo ambako ni zaidi ya mita 2,600 inashuka zaidi. Nimeona mtu ameambiwa injini imekufa wakati ni nzima kabisa, fundi amekariri namba ya pwani.

Hatua ya 2: Fungua, angalia, na shika konrodi

Ukishatoa hedi na bloku, ziba mdomo wa kranki na kitambaa kisafi saa hiyohiyo. Halafu shika konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na kranki), ivute juu na kuisukuma chini. Kucheza pembeni kushoto-kulia ni kawaida, kucheza juu-chini hamna kawaida, hiyo konrodi imekwisha na ukifunga pistoni mpya juu yake umetupa hela.

Pitisha kucha ndani ya silinda karibu na juu. Utasikia kama kingazi pale ringi ya juu inapoishia. Hapo ndipo silinda inalika zaidi maana kuna moto mkali na oili ni kidogo. Chini kabisa inakuwa karibu kama ilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 3: Pima silinda imelika kiasi gani

Mwenye geji apime sehemu tatu: juu chini ya kile kingazi, katikati, na chini. Kila sehemu apime mara mbili, mara moja mbele-nyuma na mara moja kushoto-kulia. Namba sita hizo aziandike kwenye karatasi, asikariri kichwani. Kwenye CG125, bloku ambayo haijawahi kuchongwa ikishafika 56.6 imefika mwisho, inatakiwa kuchongwa.

Asiye na geji afanye hivi, na njia hii haidanganyi sana: chukua ringi ya juu, itumbukize kwenye silinda, isukume na kichwa cha pistoni ili ikae sawa isilale upande. Iweke karibu sentimita moja toka juu, pima mdomo wa ringi (ule uwazi pale ringi ilipokatwa) kwa fila geji. Sukuma mpaka chini kabisa, pima tena. Toa ya chini kwenye ya juu, gawa kwa 3.14. Mfano juu umepata 0.60, chini 0.25, tofauti ni 0.35, gawa kwa 3.14 unapata kama 0.11. Maana yake juu silinda imepanuka 0.11 kuliko chini. Hapo hamna cha kubadilisha ringi peke yake, ringi itakuwa inapanuka na kubana kila pistoni ikipanda na kushuka na ndani ya muda mfupi moshi umerudi. Mimi ikizidi 0.05 tu nasema ichongwe.

Hatua ya 4: Nunua pistoni, sasa hivi, kabla ya kuchonga

Hapa ndo kiini cha maneno yote haya. Pistoni zinauzwa stendadi, 25, 50, 75 na 100, maana yake zimezidi robo milimita, nusu, robo tatu na milimita nzima. Namba inakuwa imepigwa kwenye kichwa cha pistoni. Ila zingatia: "57.00" kwenye boksi ni saizi ya SILINDA inayotakiwa, sio saizi ya pistoni. Pistoni yenyewe lazima iwe ndogo kidogo, na ndogo kiasi gani inategemea aliyeitengeneza. Chukua boksi mbili za 50 pale Mwanjelwa, duka moja, kampuni mbili: moja unaweza kuipima ikawa 56.96 na nyingine 56.92. Fundi wa mashine akichonga 57.00 juu ya alama, wa kwanza ana nafasi ya 0.04, safi. Wa pili ana 0.08 na bado hajawasha injini, wakati mwisho wa kuvumilika kwenye injini hizi ni 0.10. Huyo wa pili ndo anayekuja kusema "nimefunga mpya inagonga".

Ukiwa dukani angalia na mambo haya. Urefu toka kwenye tundu la pini mpaka kichwani, linganisha na pistoni yako ya zamani, ziweke pini moja zote mbili uone vichwa vinalingana. Kuna pistoni za upana uleule ila zimepishana urefu, ukifunga ndefu inagonga hedi, ukifunga fupi kompresheni inakuwa mbovu. Angalia pia mashimo ya valvu kichwani yafanane na ya zamani, na pini iingie kwa kusukuma na kidole gumba, isiende kwa nyundo wala isidondoke yenyewe.

Usiruke saizi bila sababu. Kama 25 inatosha kusafisha mikwaruzo yote, chukua 25. Ukikimbilia 100 leo, kesho huna pa kwenda zaidi ya kubadilisha silivu (lile bomba la chuma ndani ya bloku).

Hatua ya 5: Pima pistoni yako pale panapotakiwa

Pistoni sio duara kamili na sio nyoofu. Juu ni nyembamba kwa makusudi maana kichwa ndo kinapata moto, na upande wa pini ni mwembamba pia. Sehemu pana ni kwenye sketi (sehemu ya chini ya pistoni), karibu milimita 10 toka chini, ukiwa umeipa pini mgongo, yaani maikromita ikae msalaba na pini. Hapo ndo pima. Ukipima kichwani utapata namba ndogo, fundi atachonga kwa namba hiyo, na pistoni haitaingia au itaingia kwa kubana na itakwama siku ya kwanza.

Kitu kingine ambacho huku kwetu kinasumbua ni baridi. Mwezi wa sita asubuhi bloku imelala sakafuni kwenye karakana ni ya barafu, pistoni imetoka kwenye begi limekaa juani. Tofauti ya nyuzi 10 tu inaifanya pistoni ya aluminiamu ya saizi hii ibadilike kama 0.013, na wewe nafasi yote unayoitafuta ni 0.04! Viweke pamoja benchi moja kivulini lisaa limoja kabla ya kupima.

Hatua ya 6: Mpe fundi wa mashine pistoni pamoja na bloku

Usimwambie "nichongee 50". Mwambie "nichongee iendane na hii pistoni, nafasi 0.04". Kama boksi limeandika nafasi yake fuata boksi. Kama halijaandika, kwa injini hizi ndogo za kupozwa na upepo, 0.03 mpaka 0.05 ndo eneo salama. Ukiuliza kwanini isiwe sifuri ikae imebana vizuri: aluminiamu inapanuka karibu mara mbili ya chuma cha silivu. Joto likipanda nyuzi 100, pistoni inaongezeka kama 0.13 na silivu kama 0.06. Ukiinyima nafasi itajitafutia yenyewe kwa kukwangua. Nadharia inaishia hapo.

Kuchonga kwa kisu kusimalizie saizi yote. Fundi aache kidogo kama 0.03 mpaka 0.05 amalizie kwa mawe ya kusugulia, yale yanayoacha mistari inayokatana kama matuta ya viazi yaliyolimwa kushoto na kulia, kwenye hiyo mistari ndo oili inakaa. Silinda inayong'aa kama kioo inapendeza machoni ila ringi hazitakaa.

Ukienda kuchukua bloku usiondoke bila kujaribu palepale. Ikiwa imepoa (ikitoka kwenye mashine ni ya moto, subiri), geuza pistoni kichwa chini bila ringi, itumbukize pamoja na karatasi ya fila geji 0.04 upande wa sketi, msalaba na pini. Karatasi itoke kwa kuvuta kidogo, ukisikia inakamata kamata. Ikitoka bila kusikia chochote, jaribu 0.06, jaribu 0.08. Kama 0.08 inapita, usilipe kwanza, ongea naye.

Hatua ya 7: Osha. Halafu osha tena

Hii watu wanaidharau kuliko zote. Unga wa mawe ya kusugulia umejificha kwenye ile mistari na petroli haiutoi, petroli inautembeza tu. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, sugua mpaka povu litoke jeupe. Futa, halafu pitisha kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Kikitoka na kijivu, rudia. Rudia mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kausha haraka na paka oili palepale, chuma kibichi kinashika kutu ndani ya dakika chache, hasa upande wa Tukuyu kule ambako mvua haiulizi msimu.

Hatua ya 8: Pima midomo ya ringi

Kila ringi iingize kwenye silinda peke yake, isukume na pistoni ikae sawa, pima mdomo. Ringi ya juu na ya pili ziwe kati ya 0.15 na 0.35. Ikifika 0.5 hiyo sio ya kwako, rudisha dukani. Ikiwa chini ya 0.15, chonga mdomo taratibu kwa tupa ndogo, upande mmoja, huku unapima, maana ringi ikipata moto midomo ikigusana haina pa kwenda, inakata silinda au inavunjika. Zile nyembamba mbili za ringi ya oili zenyewe zinavumilia zaidi, 0.2 mpaka 0.9.

Tahadhari: usinunue ringi za 50 ukafunga kwenye bloku ya 25 kwa kusema utachonga midomo. Hazitakaa duara.

Hatua ya 9: Funga ringi na pistoni

Anza na ya oili chini, halafu ya pili, mwisho ya juu. Mara nyingi inayong'aa ndo ya juu na nyeusi ndo ya pili. Maandishi madogo pembeni ya mdomo (R, N, T au namba) yaangalie JUU. Ringi ya pili ikigeuzwa inapandisha oili badala ya kuishusha, na hiyo ndo siri ya "vipya vyote lakini moshi". Panua ringi kidogo tu kuipitisha, ukiipanua kama bangili itapinda.

Midomo itawanye, theluthi ya duara kila mmoja, na usiweke mdomo wowote upande wa mbele wala nyuma ya pistoni ambako sketi inasukuma.

Alama "IN" kichwani iangalie kabureta. Kama haina alama, shimo kubwa la valvu ndo la upande wa kabureta. Klipu mpya tu, na mdomo wa klipu usikae kwenye kile kijitundu cha kutolea. Kile kitambaa cha kwenye kranki kiwe bado kipo, klipu ikirukia humo ndani siku yako imeisha.

Shusha bloku kwa kubana ringi na vidole, itikise taratibu. Ikigoma, simama, kuna ringi imetoka kwenye mfereji wake. Usigonge.

Hatua ya 10: Pima chemba kwa waya wa risasi

Kabla ya kufunga moja kwa moja weka vipande viwili vya waya wa risasi juu ya pistoni, karibu na ukingo, pande mbili juu ya mstari wa pini, vishike na grisi kidogo. Funga hedi na gasketi yake, kaza, zungusha injini taratibu kwa mkono mara moja. Fungua, pima waya ulivyosagika. Ikiwa chini ya milimita 0.8 kuna kitu hakiendani, ama pistoni ni ndefu, ama bloku imekwanguliwa juu, ama gasketi ni nyembamba. Usijibu kwa kujaza silikoni chini ya bloku, tafuta kilichokosewa.

Ukiridhika funga kabisa. Nati za hedi kaza kwa kukatana msalaba, raundi mbili tatu, sio moja mpaka mwisho. Tapeti (nafasi ya valvu) weka 0.08 injini ikiwa imepoa.

Hatua ya 11: Kuizoesha

Kilomita 500 za mwanzo usimbebe mtu na mzigo kwa pamoja, na lumbesa ya viazi isikaribie kabisa. Usiiache inanguruma palepale nusu saa kama wengi wanavyofanya, iwashe, ipate joto, endesha. Badilisha badilisha mwendo, usishike spidi moja muda mrefu. Ukifika Mlima Nyoka au Kitonga shuka gia mapema, usiilazimishe kupanda na gia kubwa huku umefungua mafuta yote. Oili ya kwanza imwage kwenye 500, utaona inametameta, ni vumbi la ringi na silivu vikizoeana.

Na chujio la hewa lirudi mahali pake. Kuna vijana wanatoa ili "ivute", halafu wanaenda Chunya machimboni kwenye lile vumbi jekundu. Bloku mpya isiyo na chujio haifiki mbali.

Ikigoma baada ya hapo

*Moshi wa bluu ukivuta mafuta:* ringi. Angalia kama ya pili imegeuzwa, au midomo imepangana mstari mmoja, au hukuosha bloku. Mpe kwanza zile kilomita 500, kama haijakata fungua.

*Moshi unatoka ukiwasha asubuhi au ukishuka mteremko umeachia mafuta, ukivuta unakata:* hiyo ni raba na gaidi za valvu (vile vibomba ambamo valvu inapita), bloku haina kosa, usiichonge tena.

*Inagonga ikiwa ya baridi, ikipata joto inanyamaza:* nafasi ya pistoni kubwa. Inaweza kuishi hivyo muda, ila ujue ilichongwa kwa namba ya boksi. Dawa ni pistoni saizi inayofuata.

*Inaishiwa nguvu ikichemka, inakaza mlimani, ikipoa inawaka:* fungua uangalie mikwaruzo kwenye pistoni. Ikiwa sehemu nne kuzunguka sketi, nafasi ilikuwa ndogo. Ikiwa upande mmoja, uliza kuhusu oili na konrodi iliyopinda. Ikiwa kichwa kimeungua cheupe, kabureta inabana petroli au kuna hewa inaingia kwenye shingo yake.

*Oili inatapika kwenye bomba la kupumulia:* moshi wa chemba unapita kwenye ringi kwenda chini. Rudi hatua ya 8, pima midomo tena.

*Mlio mzito toka chini, umebadilisha pistoni na haujaisha:* ile konrodi ya hatua ya 2 hukuishika. Hapo ni kupasua injini na kubadilisha konrodi na beringi yake, na ukiwa umefungua osha njia zote za oili maana chenga za ile ya zamani zimezagaa humo.